Nani Kaiandika Risechi Hii? Akili Mnemba, Asilimia na Uaminifu Vyuoni

Msimu wa kukusanya risechi, stesheneri za Tanga mjini hujaa wanafunzi wanaoulizana kwa asilimia. "Yangu imetoka kumi na nane." "Mimi thelathini na mbili, supavaiza kakataa." Asiyejua angedhani wanataja alama za mtihani. La, hizo ni namba ambazo programu ya kompyuta imezipa kazi zao, na siku hizi ziko za aina mbili: moja hueleza maandishi yamefanana kiasi gani na ya watu wengine, nyingine hukisia ni kiasi gani yameandikwa na akili mnemba. Wanafunzi huzichanganya, wasimamizi wengi nao huzichanganya, na fujo yote huanzia hapo.

Namba ya kwanza haina utata mkubwa. Turnitin, programu ya Kimarekani iliyoanza mwaka 1998, ina ghala la makala, kurasa za intaneti na kazi za wanafunzi zilizowahi kupakiwa. Ukiingiza kazi yako, inatafuta mfululizo wa maneno uliokwisha kuonekana kwingine, kisha inakuonyesha ulikotoka. Ushahidi uko mezani: sentensi yako hii, na chanzo chake hiki. Asilimia peke yake haithibitishi wizi. Nukuu iliyofungwa vizuri kwa alama zake inaweza kuhesabiwa, na orodha ya marejeo pia, kama mtu hakuiondoa kwenye hesabu. Mwenye asilimia 25 anaweza kuwa hana kosa lolote, na mwenye asilimia 4 akawa ameiba aya moja tu, ile iliyobeba hoja nzima ya kazi yake. Ili kujua, ripoti lazima ifunguliwe na kusomwa. Wengi huishia kwenye namba ya juu.

Kuogopa namba hiyo kukazaa biashara ya kuishusha. Ziko programu zinazochukua sentensi ya mtu na kubadilisha kila neno kwa neno lenye maana ya karibu, ili kifaa kisiitambue. Mwaka 2021 watafiti Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walionyesha matokeo yake ndani ya majarida ya kisayansi yenyewe. Palipostahili kuandikwa akili mnemba, makala zilisema kitu kama "fahamu ya kughushi". Saratani ya matiti ikawa "hatari ya kifuani". Asilimia ilishuka, maana ikafa, na wahariri wakapitisha.

Namba ya pili ni mgeni wa juzi. ChatGPT ilitolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na tangu siku hiyo mwanafunzi mwenye simu na bando anaweza kupata insha ambayo haijawahi kuandikwa popote. Haikunakiliwa, kwa hiyo hakuna chanzo cha kuwekwa mezani, na lile ghala la Turnitin halina cha kulinganisha. Kampuni zikatengeneza vifaa vya namna nyingine, na lazima tuelewe jinsi vinavyofanya kazi kabla ya kukubali hukumu vinazotoa.

Programu kama ChatGPT huandika kwa kukisia neno linalofuata. Imesoma maandishi mengi mno, na kila hatua inajiuliza: baada ya maneno haya, lipi lina uwezekano mkubwa wa kuja? Chukua sentensi hii: "Alfajiri wavuvi walirudi pwani wakiwa na..." Neno samaki linajileta lenyewe. Neno madeni halijileti, ingawa mara nyingi ndilo la kweli. Kifaa cha kutambua akili mnemba hupita juu ya maandishi yako kikipima jambo hilohilo. Kikikuta maneno yanayotabirika mstari baada ya mstari, na sentensi zenye urefu wa kulingana, kinasema hii ni mashine. Ni sawa na kumkamata mwizi kwa mwendo wake. Hajakutwa na mali, hakuna aliyemwona, ila anatembea kama wezi wanavyotembea.

Sasa, ni nani huandika Kiingereza kinachotabirika? Ni mtu aliyekipata darasani. Mtoto wa Makorora au Mabawa hapa Tanga aliyesoma shule ya msingi ya serikali alisomeshwa kwa Kiswahili miaka yote, kisha kidato cha kwanza akageuziwa kila somo kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Alijifunza kwa kukariri: misemo ya kufungulia aya, misemo ya kufungia, viunganishi vinavyopata alama. Akifika chuo kikuu anaandika kwa vipande hivyohivyo, salama, bila kuthubutu neno asilolijua vizuri. Kiingereza hicho ndicho ambacho kifaa hukiita cha mashine.

Hili si lalamiko langu tu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliviweka vifaa 7 vya aina hii kwenye majaribio. Walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, ambao hufanywa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Zote zilikuwa zimeandikwa na binadamu. Kwa wastani vifaa vilisema asilimia 61 ya insha hizo ni za mashine, na karibu zote ziliangukia mtegoni kwa angalau kifaa kimoja. Insha za watoto wa Kimarekani wa darasa la nane zilipita karibu bila kuguswa. Halafu wakafanya kituko kimoja ambacho ningependa kila mkuu wa idara akisikie: waliiomba ChatGPT izipambe zile insha za TOEFL kwa msamiati wa mzawa wa Kiingereza, wakazirudisha kwenye vifaa. Tuhuma zikashuka mpaka karibu asilimia 12. Kwa maneno mengine, asiye na hatia alionekana msafi baada ya kuitumia mashine.

Waliotengeneza ChatGPT wenyewe walijaribu. Januari 2023 OpenAI walitoa kifaa chao cha kutambua, wakakiri kwamba kinakamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kwamba asilimia 9 ya maandishi ya watu huyasingizia. Fanya hesabu kwa chuo cha kubuni chenye tasnifu 1,000, ambapo wadanganyifu ni 100 na waaminifu 900. Kifaa kitawakamata wadanganyifu 26. Kitawatuhumu waaminifu 81. Kwenye kikao cha nidhamu wataitwa watu 107, na robo tatu yao hawajafanya lolote. Wadanganyifu 74 wako nyumbani wanapiga pasi majoho. Julai mwaka huohuo OpenAI walikiondoa kifaa hicho, sababu ikiwa ni udhaifu wake wa kutambua.

Turnitin nao walizindua chao Aprili 2023, kwa Kiingereza tu wakati huo, wakisema makosa ya kumsingizia mtu hayafiki asilimia 1. Inasikika kama kidogo. Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kilipiga hesabu kwamba mwaka 2022 kilipitisha Turnitin kazi 75,000. Asilimia 1 ya hizo ni kazi 750 za kusingiziwa kwa mwaka. Agosti 2023 kikakizima. Hapa kwetu kusingiziwa kuna gharama yake: mkopo wa Bodi haumsubiri mtu, na mzazi aliyeuza machungwa ya Muheza kulipia ada iliyobaki haelewi habari za uwezekano wa neno linalofuata.

Kuna wanaoruka vifaa vyote na kuiuliza ChatGPT moja kwa moja: je, hii umeandika wewe? Mhadhiri mmoja wa Texas alifanya hivyo Mei 2023. Mashine ikadai kazi za wanafunzi ni zake, na vyeti vya baadhi yao vikazuiwa kwa muda mpaka jambo lilipoangaliwa upya. Programu ile haina daftari la ilichoandika jana kwa mtu mwingine. Inakisia jibu, kama inavyokisia mengine yote.

Nimekaa sana kwenye vifaa kwa sababu ndivyo vinavyoharibu watu sasa hivi. Lakini asinielewe vibaya mtu akadhani natetea udanganyifu. Udanganyifu upo, na ule mbaya zaidi haupo kwenye mtindo wa sentensi ambako vifaa vinatafuta. Upo kwenye marejeo na kwenye data.

Tuanze na marejeo. Mwanafunzi anaandika juu ya bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, na kuishia Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443. Mada nzuri, ya nyumbani. Anaiomba programu impe makala 10 za kitaalamu kuhusu fidia ya ardhi kwenye njia ya bomba. Anazipata: majina ya waandishi, mwaka, jarida, namba za kurasa. Nusu yake huenda hazipo duniani. Programu haikumdanganya kwa nia, maana haina nia. Imekisia umbo la rejeo kama inavyokisia umbo la sentensi, na umbo la rejeo linatabirika kuliko kitu chochote. Wakati mwingine jina la mwandishi ni la mtu wa kweli, tena bingwa wa mada hiyo, ila makala hiyo hajawahi kuiandika.

Wanasheria wa New York waliingia shimo hilo mwaka 2023. Katika kesi ya abiria mmoja dhidi ya shirika la ndege la Avianca waliwasilisha mahakamani hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa, zote zimetungwa na ChatGPT, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Kule Lushoto kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kinachofundisha watu watakaokaa mahakamani kesho. Hukumu za Tanzania zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Anayeandika jina la kesi bila kuifungua huko hana la kujitetea. Na kwa makala za kisayansi, kila yenye namba yake ya kudumu ya kidijitali inaweza kutafutwa kwa namba hiyo katika muda wa kunywa fundo la kahawa. Msimamizi akichagua marejeo matano tu kwa kubahatisha na kuyafungua, atajifunza zaidi kuliko ripoti nzima ya asilimia.

Kwenye data mambo ni mazito zaidi. Kujaza madodoso mwenyewe, umekaa chini ya mwembe, ni ufisadi wa zamani kuliko kompyuta. Mwanasaikolojia wa Uholanzi, Diederik Stapel, aligundulika mwaka 2011 kwamba kwa miaka alidai kupeleka madodoso shuleni ilhali majibu aliyatunga nyumbani kwake. Makala zake 58 zimefutwa. Kilichobadilika ni kwamba Stapel alihitaji kujua takwimu ili atunge vizuri. Sasa mdanganyifu hahitaji kuzijua. Novemba 2023 madaktari wa macho wa Italia walichapisha jaribio ambapo waliiagiza programu ya GPT-4 iwatengenezee data ya wagonjwa ambao hawapo, ikionyesha kwamba upasuaji wa aina moja unaushinda mwingine. Ikatengeneza. Wachunguzi waliipekua baadaye wakakuta kasoro: umri wa wagonjwa wengi mno uliishia na tarakimu ya 7 au 8, na majina mengine hayakuoana na jinsia zilizoandikwa. Kasoro hizo zilionekana kwa aliyetafuta. Nani anatafuta kwenye tasnifu ya shahada ya kwanza?

Mimi naamini anayelijua eneo atazitambua bila programu. Nenda Sahare au Kigombe na dodoso lako, umwamkie mvuvi mzee shikamoo, kisha umuulize mapato yake kwa mwezi. Atakuangalia. "Mwezi upi, mwanangu? Wa kusi au wa kaskazi?" Hizo ni pepo za msimu. Ukishavuka hapo atakuambia hahesabu kwa mwezi hata kidogo, anahesabu kwa bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa sana; maji yakiwa mafu, yasiposogea sana, huenda akashinda anashona nyavu. Kisha kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, na kinachobaki ndicho wanachogawana mabaharia. Atataja kiasi cha siku moja nzuri anayoikumbuka na kunyamazia siku kumi mbaya. Mwingine atakataa kujibu, akidhani umetumwa na watu wa kodi, na mwingine atajibu nusu ya dodoso halafu atainuka kwenda kuswali na asirudi. Data ya kweli kutoka pwani hii ina mashimo, ina majibu mawili yanayopingana kutoka kwa mtu mmoja, ina ukurasa uliolowana. Nikiona jedwali la wavuvi 120 waliojibu maswali yote, kila mmoja na mapato kwa mwezi yaliyonyooka, siulizi asilimia ya akili mnemba. Namuuliza mwandishi: ulikwenda kwenye bamvua au maji mafu? Wapo wanaojibu papo hapo kwa dakika kumi bila kupumua. Wapo wanaotazama dari.

Mkoa huu una mfano mzuri wa jinsi data inavyolindwa, na haukuletwa na kompyuta. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa jaribio lake kubwa la mwisho katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, kwa watoto 15,459, kuanzia mwaka 2009. Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo hivyo, na Bagamoyo pia. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa maeneo yenye malaria. Katika majaribio ya namna hiyo namba haikubaliwi kwa kuwa imeandikwa vizuri. Wakaguzi huja na kulinganisha kilichoingizwa kwenye kompyuta na karatasi ya awali kabisa, ile iliyoandikwa kando ya mtoto. Nani alipima homa hii? Saa ngapi? Kwa nini hapa pamekatwa, na nani kaweka sahihi kwenye makosa? Hakuna anayejali muuguzi alikuwa na mtindo gani wa kuandika. Wanafuata nyayo za namba mpaka ilipozaliwa.

Tasnifu inaweza kukaguliwa hivyohivyo. Daftari la uwandani likiwa na tarehe. Madodoso yenyewe, yamekunjika na kuchafuka. Rasimu ya kwanza yenye maoni ya msimamizi, na ya pili, na ya tatu. Programu za kuandikia kwenye intaneti huhifadhi mabadiliko yenyewe, mwanafunzi asizime tu. Mwenye vitu hivi hahitaji kuogopa kifaa chochote, na asiyenavyo hasaidiwi na asilimia sifuri. Jambo moja la kuangalia: usichukue sauti za mahojiano ya watu uliowaahidi siri ukazipakia kwenye programu ya akili mnemba ikunukulie. Ile ahadi kwa mzee wa Kigombe ilikuwa yako, na kampuni ya ng'ambo haikuwamo.

Kuandikiwa kazi kwa pesa kulikuwepo, bila shaka. Nairobi kulikuwa na vijana wengi waliokuwa wakiishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani, mpaka Uingereza ikatunga sheria mwaka 2022 ya kuifanya biashara hiyo kuwa kosa katika vyuo vya England. Mashine imeshusha bei tu.

Linalonitatiza kweli ni lile la katikati, ambalo wanafunzi huniuliza kwa sauti ya chini. Mtu amekwenda uwandani, amekusanya, amefikiri kwa Kiswahili, ameandika rasimu kwa Kiswahili chake cha Tanga kizuri kabisa. Kisha ameiomba mashine imgeuzie kwa Kiingereza kwa sababu tasnifu inatakiwa kwa Kiingereza. Ameiba? Kwa nani? Mimi nasema hajaiba, mradi mambo mawili yatimie: aseme wazi alichofanya, na aweze kuieleza kila aya ya Kiingereza akiulizwa, maana mashine hupenda kuongeza chumvi, "baadhi ya wavuvi" wa rasimu huamka kesho yake wamekuwa "wavuvi wengi". Jarida la Nature liliweka msimamo wa kufanana na huu mapema mwaka 2023: programu haiwezi kuwa mwandishi kwa sababu haiwezi kuwajibika, na aliyeitumia aseme kwenye sehemu ya mbinu. Tatizo letu ni kwamba mwanafunzi anayesema anaogopa tamko lake litasomwa kama ungamo. Basi hunyamaza. Dawa yake si semina. Ni karatasi moja ya kila kozi, iliyotolewa siku ya kwanza: kwenye asaimenti hii ruhusa ni kusahihisha sarufi, kwenye hii unaweza kutafsiri, kwenye hii usiguse kabisa, utaandika hapa darasani kwa kalamu.

Halafu kuna kumhoji mwanafunzi ana kwa ana. Ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo ambayo wahadhiri huniguna nikiitaja, tena wana haki. Mhadhiri mwenye wanafunzi 200, akimpa kila mmoja dakika 15, anahitaji saa 50. Hizo ni zaidi ya wiki nzima ya kazi kwa asaimenti moja, na kozi ina asaimenti mbili au tatu pamoja na mtihani wa mwisho. Hawezi, na kumwambia aweze ni kumtukana. Anachoweza ni kupunguza asaimenti zikabaki moja, akahoji mmoja kati ya watano kwa kura, bila mtu kujua mapema nani ataitwa. Watu 40, saa 10. Hilo linaingia kwenye ratiba, lakini mpaka seneti ya chuo ikubali kwamba asaimenti moja inatosha kutoa alama za kozi weki, zile za kabla ya mtihani, na kanuni nyingi bado zinataka zaidi ya hiyo.